Soleimani: balozi, mishahara na barabara

Cheo cha Qasem Soleimani wa Iran hakitakuonyesha nguvu yake. Alikuwa meja jenerali, na Kikosi cha Quds alichokabidhiwa mwishoni mwa miaka ya 1990, chenye kuendesha shughuli za nje ya nchi, ni tawi mojawapo tu la Jeshi la Walinzi wa Mapinduzi. Kwenye karatasi alikuwa na mkubwa wake jeshini. Kiutendaji alipokea maagizo kwa Ayatullah Khamenei, kiongozi mkuu wa Iran wakati huo, mwenyewe, na wizara ya mambo ya nje ikabaki kando. Februari 2019 Bashar al-Assad, rais wa Syria wakati huo, alifika Tehran, Soleimani akawemo kwenye mazungumzo, waziri wa mambo ya nje Zarif hakuwa na habari. Zarif akatangaza kujiuzulu usiku huohuo, ingawa siku chache baadaye alirudi kazini. Hata ubalozi wa Iran mjini Baghdad ulikuwa mkononi mwa Soleimani: Iraj Masjedi, aliyeanza ubalozi 2017, alikuwa mshauri wake.

Iraq ndiko mbinu yake ya kutumia makundi yenye silaha ilikofaulu zaidi, na siri yake ni watu wa zamani. Kundi la Badr liliundwa nchini Iran miaka ya 1980 na Wairaqi waliokimbia utawala wa Saddam. Hadi al-Amiri, aliyekuja kuwa kiongozi wake, alipigana humo upande wa Iran katika vita vya Iran na Iraq. Kwa hiyo mji wa Mosul ulipoanguka mikononi mwa kundi la Dola la Kiislamu (ISIS) Juni 2014, makamanda walikuwepo tayari. Askari wa kujitolea waliletwa na fatwa ya Ayatullah Sistani, mwanazuoni mkuu wa Kishia nchini Iraq, ambaye si mtu wa Tehran (jambo linalosahaulika mno). Kisha Novemba 2016 bunge la Iraq likapitisha sheria ya kuitambua Hashdu Shaabi, muungano wa makundi hayo ya wapiganaji, kuwa chombo cha dola. Makundi yanayoisikiliza Tehran yakawa yanalipwa mishahara na hazina ya Baghdad. Ushawishi wa bei nafuu kuliko huo sijauona.

Kama jemadari wa vita anasifiwa kupita kiasi. Tikrit, mji wa Iraq uliokuwa mikononi mwa ISIS, Machi 2015, mashambulizi yalikwama hadi ndege za Marekani zilipoingia.

Syria haikuwa na Badr yake, hivyo wapiganaji wakaagizwa kutoka nje: Hizbullah ya Lebanon katika mji wa Qusayr mwaka 2013, Waafghani wa kikosi cha Fatemiyoun, Wapakistani wa kikosi cha Zaynabiyoun. Hawakutosha. Soleimani alikwenda Moscow Julai 2015, na tarehe 30 Septemba Urusi ikaanza kupiga kutoka angani. Novemba 2017 mji wa Albu Kamal, kwenye mpaka wa Syria na Iraq, ulitekwa, na njia ya nchi kavu kutoka Iran kupitia Iraq na Syria hadi Lebanon ikafunguka. Kasoro yake ilikuwa wazi: silaha zikipita mlango mmoja, adui anajua pa kuvizia, na Israel ilivizia kweli.

Kasoro nyingine ni kwamba mafundo yote aliyafunga mtu mmoja. Alipouawa na ndege ya Marekani isiyo na rubani karibu na uwanja wa ndege wa Baghdad, 3 Januari 2020, Abu Mahdi al-Muhandis aliuawa pamoja naye, naye ndiye aliyekuwa akiyashikanisha makundi ya Iraq. Mrithi, Esmail Qaani, uzoefu wake ulikuwa zaidi upande wa Afghanistan. Urafiki wa miaka 30 na makamanda wa Kiarabu haurithiwi kwa barua ya uteuzi. Wahouthi wa Yemen waliyumba kidogo tu, kwa kuwa wana ardhi na mapato yao. Hizbullah ilitegemea ile barabara, na tarehe 8 Desemba 2024, utawala wa Assad ulipoanguka, ikakatika.