Kamera ya tundu ni nini, na inapigaje picha bila lenzi?

Kamera ya tundu ni boksi lenye giza ndani, upande mmoja limetobolewa kitundu kidogo sana kama ncha ya sindano, upande wa pili kuna kitu cha kupokea picha, iwe karatasi ya kutazamia tu au karatasi ya picha inayoshika mwanga. Basi, imeisha. Hamna lenzi, hamna betri, hamna kitu cha kuzungusha ili picha ikae sawa. Wengine wanaiita kamera ya tundu la pini au la sindano, ni kitu kilekile.

Sasa mtu akiona picha yake ya kwanza kwenye boksi swali linakuwa lile lile, hata mimi niliuliza: hiki kitundu kimejuaje kutengeneza picha? Ukweli ni kwamba hakijatengeneza chochote, kimezuia tu. Chukulia kuna ukuta mweupe, na mbele yake kuna mti umesimama juani. Kila nukta ya ule mti inatupa mwanga kila upande, jani la juu kabisa linamwaga kijani chake ukuta mzima, shina nalo linamwaga kahawia yake ukuta mzima, mawingu hivyo hivyo, kwa hiyo kila sehemu ya ukuta inapokea mwanga wa kila kitu kwa mpigo na vyote vinachanganyika mpaka unaona weupe tu. Yaani picha ya mti ipo pale ukutani muda wote, shida ni kwamba zipo nyingi mno zimelaliana. Ukiweka kizuizi katikati chenye kitundu kimoja, mwanga wa jani la juu unabaki na njia moja tu ya kupita, na kwa kuwa mwanga unakwenda kwa mstari ulionyooka, ukitoka juu ukapita tunduni lazima utue chini. Wa shina unatoka chini unatua juu, wa kulia unaenda kushoto. Ndo maana picha inakaa miguu juu, na watoto wakiona hivyo wanacheka kweli kweli halafu wanageuza boksi wakidhani ndo itakaa sawa (haikai).

Kitu kingine kinachowashinda wengi kuamini ni kwamba mwanga wa jani na wa shina zinapishana kwenye kitundu kimoja bila kuvurugana. Hili Ibn al-Haytham, yule mwanasayansi aliyezaliwa Basra miaka ya 960 na kufanya kazi Cairo, alilijaribu kwa taa. Aliweka taa kadhaa sehemu tofauti mbele ya tundu, ukutani zikatokea doa za mwanga, kila taa na doa lake, akifunika taa moja doa lake tu linapotea na mengine yanabaki. Jaribio hili unaweza kulifanya usiku kwa mishumaa mitatu na kadibodi, na kusema kweli linaelewesha kuliko mchoro wowote wa mishale ya mwanga niliowahi kuona darasani.

Jina lenyewe nalo lina habari. Kamera kwa Kilatini ni chumba tu, na Kepler mwaka 1604 ndo alitumia maneno camera obscura, chumba cha giza, kuita hiki kitu, kwa sababu kweli kilikuwa chumba, mtu anaingia ndani anafunga madirisha anaacha tundu moja. Kwa hiyo kamera ilikuwepo karne nyingi kabla ya picha, kilichokosekana ni kitu cha kuishika ile taswira isiondoke. Na ukitaka kuiona bila kutengeneza chochote, kaa chini ya mti wenye majani mengi mchana jua likiwa kali, vile viduara vya mwanga vilivyotapakaa ardhini sio umbo la nafasi za majani, ni picha za jua lenyewe, kila upenyo ni kamera. Kwa kila mita moja kutoka kwenye upenyo mpaka chini, duara linakuwa na upana wa milimita 9 hivi. Jua likipatwa viduara vyote vinageuka kuwa vikonde kama mwezi mwandamo, na hiyo ndo njia salama ya kulitazama, ukiwa umeligeuzia jua mgongo. Usije ukaweka jicho kwenye tundu ukalitazama jua moja kwa moja, hapo unaua macho.

Haya, tundu liwe na ukubwa gani? Hapa ndo wengi tunakosea, maana tunasikia "dogo" tunadhani likizidi kuwa dogo ndo bora zaidi. Likiwa kubwa kila nukta ya mti inatua kama doa nene, madoa yanapandiana, picha inakuwa na ukungu. Ukilipunguza picha inakaza. Lakini ukipita kiwango fulani inaanza kuharibika tena, kwa sababu mwanga ni mawimbi na ukiubana sana kwenye nafasi finyu unatawanyika ukishatoka. Kwa boksi ambalo tundu na karatasi viko umbali wa milimita 100, tundu la milimita 0.45 hivi linafaa, na boksi likiwa refu zaidi tundu nalo linakua kidogo. Kwa hesabu za wapiga picha (umbali wa tundu na karatasi ukigawanya kwa upana wa tundu) hiyo ni kama f/222, yaani mwanga unaoingia ni mdogo mara mia moja hivi kuliko lenzi iliyobanwa mpaka f/22. Hivyo usishangae ukiambiwa kuhesabu sekunde.

Kuanza, tengeneza ya kutazamia. Boksi la viatu linatosha, ndani lipake rangi nyeusi, upande mmoja kata dirisha dogo, upande wa pili kata dirisha kubwa uzibe kwa karatasi nyembamba iliyopakwa mafuta ya kupikia ili ipitishe mwanga. Tundu usilitoboe kwenye kadibodi yenyewe, kadibodi ni nene na tundu linabaki na manyoya. Kata kipande cha bati la kopo la soda, kilaze juu ya kitu kigumu kiasi, bonyeza ncha ya sindano huku unaizungusha taratibu isitokeze yote, upande wa pili ukivimba sugua na msasa laini, rudia mpaka lipenye. Kibandike kwenye dirisha dogo kwa tepu nyeusi. Jifunike kitambaa kizito kichwa na boksi, elekeza kwenye kitu kilicho juani, subiri dakika moja macho yazoee giza. Utaona rangi zote, na vitu vinatembea.

Ya kupiga picha yenyewe ni kopo lenye mfuniko, karatasi ya picha nyeusi na nyeupe, na kipande cha tepu juu ya tundu ambacho ndo shata yako, yaani mlango wa kuruhusu na kuzuia mwanga. Karatasi inaingizwa gizani ukiwa na taa nyekundu tu, ule upande unaong'aa ndo unatazama tundu (mimi kopo la kwanza niliugeuza, nikapata weupe mtupu, la pili mfuniko ulikuwa unavujisha mwanga nikapata weusi mtupu). Juani funua tepu kama nusu dakika mpaka dakika mbili, kukiwa na mawingu ongeza sana tu, na kopo lisitikisike. Ukisafisha kwa dawa inatoka negativu, weupe umekuwa weusi, unaipiga kwa simu unageuza rangi mambo yanaisha. Kilicho karibu na kilicho mbali vyote vina ukali sawa, kuta zinapinda kwa sababu karatasi ilijikunja ndani ya kopo, na watu waliokuwa wanapita hawapo kabisa, hawakukaa muda wa kutosha kuacha alama. Barabara yenye watu kibao inatoka tupu.

Kanuni ni hiyo hiyo hata ukikuza. Mwaka 2006 huko California banda la ndege lilizibwa lote likawa kamera, tundu la milimita 6 hivi, na picha ilichukua dakika 35 kwenye kitambaa kimoja kikubwa kilichopakwa dawa ya kushika mwanga.

Ila ninayoipenda mimi ni ile ya wavivu. Unalifunga kopo mahali pasipotikisika, linaangalia upande jua linakopita, unaliacha miezi sita. Jua linachora mstari wake kila siku, msimu ukibadilika mstari unapanda au kushuka, siku za mawingu zinaacha mapengo, mwishoni una picha yenye matao kibao angani. Kule Uingereza kuna kopo lilisahaulika kwenye kituo cha kutazamia nyota cha Bayfordbury kuanzia 2012 hadi 2020 na lilikuwa bado linachora. Hiyo karatasi haiwekwi kwenye dawa, picha imeshajitokeza yenyewe kwa kuchomwa na jua, unaitoa sehemu yenye mwanga hafifu unaiskani mara moja, halafu unaifungia gizani, maana bado inashika mwanga na kila ukiitoa kuwaonyesha watu inazidi kuwa nyeusi.