Springi za kushushia gari kwa bajeti ndogo: pima nafasi kwanza

Wenye Subaru Impreza WRX za 2000 hadi 2007 wanaokuja kwangu huuliza springi gani ya bei nafuu itashusha gari zaidi. Kabla ya kujibu, nafunua kifuniko cha vumbi cha shokapu, gari likiwa limesimama kwa uzito wake, na kupima nafasi kati ya mwili wa shokapu na raba inayoizuia kugonga mwisho. Nafasi hiyo ndiyo inayoamua.

Tuseme ni milimita 60. Ukishusha gari kwa 20, zinabaki 40. Tuta la barabarani halijapungua hata kidogo, kwa hiyo springi inatakiwa kumeza nguvu ileile katika mwendo mfupi. Nguvu inayomezwa hufuata mraba wa mwendo huo, hivyo springi mpya ingepaswa kuwa ngumu mara 2.25. Ukishusha kwa 30, mara 4! Springi za barabarani za Eibach, H&R au Tein haziongezi ugumu kiasi hicho, na zingeongeza, hakuna ambaye angevumilia kukaa ndani. Matokeo yake gari litagusa raba mara nyingi zaidi. Kwa matuta yetu ya Dar es Salaam, mimi hushauri milimita 20, na sipendi kabisa kuvuka 30.

Kukata springi ni rahisi kuliko njia zote, na naipinga. Ukiondoa mzunguko mmoja kati ya sita inayofanya kazi, ugumu unapanda kwa asilimia 20 tu, huku gari limeshuka sana. Tena ncha iliyokatwa haikai sawasawa kwenye kikombe chake, na tairi likining'inia shimoni springi fupi inaweza kuchomoka mahali pake. Kuichoma kwa gesi ni hatari zaidi: moto unaharibu uimara wa chuma, na springi inaendelea kulala.

Mwenye pesa kidogo namwelekeza kwenye springi za mtumba za kiwandani, zilizotoka kwenye toleo la michezo la gari lake. Kwa WRX, zile za pinki za STI kutoka Japani ni chaguo zuri: zinashusha kwa kiasi, na zimetengenezwa kwa ajili ya gari la ukoo huohuo. Nenda dukani na vernia, kile kifaa cha kupimia unene. Pima unene wa waya kulia na kushoto, kwa sababu waya wa milimita 13 ni mgumu kwa karibu asilimia 38 kuliko wa 12 wenye umbo sawa. Zisimamishe pamoja mezani uone kama urefu unalingana. Yenye kutu iliyochimba vishimo iache, hata ukipewa bure. Ufa huanzia hapo.

Shokapu ikivuja mafuta, pesa zianze huko. Springi ngumu juu ya shokapu iliyochoka hulifanya gari kurukaruka, na tairi linaloruka halishiki barabara wala halifungi breki vizuri.

Wakati wa kufunga, mwambie fundi boliti za bushi (raba za kwenye maungio) zikazwe mwisho gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Zikikazwa likiwa juu ya jeki, raba ya bushi inabaki imejipinda na kuchanika mapema. Baada ya siku chache springi zikishakaa, peleka gari alaimenti, magurudumu yanyooshwe, la sivyo matairi yataliwa upande wa ndani.