Kinno: maana yake, na kwa nini hutajwa pamoja na ukoo wa Kusunoki

Kinno ni neno la Kijapani lenye maana ya kumtumikia mfalme kwa moyo wote, hata kwa kufa. Ukoo unaotolewa mfano kuliko mwingine wowote ni wa Kusunoki.

Kwanza tuiweke kando ile picha ya samurai anayemfia bwana wake bila kuuliza. Samurai wa karne ya 14 alipigana kwa hesabu. Bwana alimpa ardhi, naye akalipa kwa upanga. Vita vikiisha alipeleka hati ya madai: nilipigana mahali fulani, nilijeruhiwa paja, fulani ni shahidi wangu. Mkono mtupu haulambwi, na bwana asiyelipa alikimbiwa.

Mwaka 1331 njama ya Mfalme Go-Daigo ya kuuangusha utawala wa kijeshi wa Kamakura ilifichuka, akakimbilia mlima Kasagi. Mmoja wa wachache waliomwitikia alikuwa Kusunoki Masashige, mkuu wa kawaida tu kutoka Kawachi, karibu na Osaka ya leo. Hati moja ya zama hizo inamwita "akuto", yaani mhalifu, kwa kuvamia shamba lenye wenyewe. Wanaomsifu leo hulipita hilo haraka. Mimi naona ndilo linaloeleza ushindi wake, maana mtu aliyezoea kuvizia milimani hapigani kwa adabu za uwanjani.

Mwaka 1333 alijifungia na watu wachache katika ngome ya Chihaya, huku jeshi kubwa la Kamakura limemzingira. Taiheiki, masimulizi mashuhuri ya vita hivyo, yanasema usiku mmoja alisimamisha sanamu za nyasi kavu zilizovikwa deraya chini ya ngome. Kulipopambazuka adui wakazivamia wakidhani ni watu, wakaporomoshewa mawe kutoka juu. Jeshi lile likakwama hapo, na huku nyuma wengine wakapata ujasiri wa kuasi. Mwaka huohuo Kamakura ikaanguka.

Go-Daigo akarudi kutawala Kyoto, lakini katika kugawa tuzo aliwaudhi wapiganaji wengi. Mmoja wa majemadari wake, Ashikaga Takauji, akaasi, na waliokosa ardhi wakamfuata. Mwaka 1336, Takauji alipokuwa akirudi na nguvu mpya kutoka kisiwa cha Kyushu, Masashige alishauri mfalme ajiondoe Kyoto, adui aingie, kisha anyimwe chakula. Ushauri ulikataliwa. Akaamriwa kwenda kupigana Minatogawa, palipo mji wa Kobe leo, akaenda akijua harudi. Vita vilipomshinda, yeye na mdogo wake Masasue wakajiua. Kiini cha kinno ni hapo: amri aliiona mbovu, akasema hivyo waziwazi, kisha akaitii.

Go-Daigo alikimbilia Yoshino akaanzisha Ufalme wa Kusini, huku Takauji akiweka mfalme wake Kyoto, Kaskazini. Masatsura, mwana wa Masashige, akashika upande wa baba. Inasimuliwa kwamba kabla ya vita vya Shijonawate mwaka 1348 alichonga shairi la kuaga kwa ncha ya mshale kwenye mlango wa hekalu la Nyoirin-ji. Alikufa vitani humo pamoja na ndugu yake Masatoki. Ndugu aliyebaki, Masanori, alihamia Kaskazini mwaka 1369, na baada ya zaidi ya miaka kumi akarudi Kusini. Huyu hatajwi sana.

Kwa walioshinda, yaani Kaskazini, Kusunoki walikuwa waasi. Sifa zilikuja baadaye: mwaka 1692 Tokugawa Mitsukuni, bwana wa jimbo la Mito, alijenga kaburi la Masashige penye Minatogawa, na serikali ya Mfalme Meiji, iliyohitaji raia wa kumtii mfalme, ikaongeza hekalu mwaka 1872. Mwaka 1945 marubani waliotumwa kufa karibu na Okinawa walipewa operesheni yenye jina la nembo ya ukoo huo, Kikusui, ua la krisanthemu juu ya maji.

Sanamu ya shaba ya Masashige, juu ya farasi, imesimama nje ya kasri la mfalme mjini Tokyo tangu mwaka 1900. Wanaoishi ndani ya kasri hilo ni wa uzao wa Kaskazini.