Namba za Bamba Kwenye Peni Nyekundu za Uingereza: Dhana Potofu na Ukweli

Mtu akirithi au kununua stempu nyekundu za peni moja zenye kichwa cha Malkia Victoria, swali lake la kwanza huwa: hii ni ya bamba namba ngapi? Bamba ni kipande cha chuma kilichochongwa ili kuchapia stempu, na kila bamba lilikuwa na namba yake. Ni swali la maana, maana namba hiyo ndiyo inayotofautisha stempu mbili ambazo kwa macho ni pacha. Tatizo ni majibu yanayozunguka miongoni mwa wakusanyaji. Mengine yamewafanya watu walipe pesa nyingi kwa stempu ya kawaida kabisa.

Dhana: Kila peni nyekundu ina namba, ni kutazama kwa makini tu.

Hapana. Peni nyekundu zilianza kutolewa mwaka 1841, lakini namba iliingizwa ndani ya mchoro wake mwaka 1864. Anza na pembe za juu. Ukikuta nyota badala ya herufi, usijichoshe: namba haimo. Wakati huo iliandikwa kwenye pambizo la karatasi nzima, na pambizo kwa kawaida lilichanwa na kutupwa. Ukikuta herufi kwenye pembe zote nne, namba ipo, tena mara mbili: imefichwa katikati ya urembo wa mistari ulio upande wa kushoto na ule wa kulia.

Dhana: Herufi za pembeni ndizo zinazotaja bamba.

Herufi zinataja mahali stempu ilipokaa kwenye karatasi. Karatasi moja ilikuwa na stempu 240, yaani mistari 20 ya stempu 12. Herufi ya chini kushoto ni mstari, A mpaka T. Ya chini kulia ni nafasi katika mstari, A mpaka L. Juu zinarudiwa kwa kubadilishana nafasi. Kwa hiyo kila bamba lina stempu yake ya GC (mstari G, nafasi C), na GC peke yake haikuambii bamba. Lengo lilikuwa kuwazuia wajanja wasiunge vipande visivyo na mhuri vya stempu mbili zilizokwishatumika.

Hata hivyo, usizidharau. Wachongaji wa Perkins Bacon, kampuni iliyochapa stempu hizi, waligonga kila herufi kwenye bamba kwa mkono, kwa hiyo G ya bamba moja inaweza kuinama kidogo, au kukaa chini zaidi kuliko G ya bamba linalofuata. Namba ikifutika kabisa, unailinganisha stempu yako na nyingine zenye herufi zilezile ambazo bamba lake linajulikana kwa hakika. Ni kazi ya subira, lakini ni ushahidi wa kweli.

Dhana: Mhuri ukifunika namba, ni kuosha kwa dawa au kukata tamaa.

Dawa za kung'arisha zisiguse stempu. Zitaharibu wino na karatasi, na hutabaki na kitu cha kusoma wala cha kuuza.

Tazama upande wa pili kwanza. Mara nyingi mhuri umeziba upande mmoja tu. Kisha tumia mwanga. Stempu hizi zilichapwa kwa bamba lililochongwa mistari ya ndani, hivyo wino wake umesimama kidogo juu ya karatasi, ilhali wino wa mhuri umelala. Zima taa ya juu, lete mwanga kutoka ubavuni ukiwa karibu usawa na meza, na uizungushe stempu taratibu chini ya lenzi. Kuna pembe ambayo tarakimu hujitokeza ghafla.

Skana nayo inasaidia sana. Piga picha kubwa, kisha uitenganishe rangi kwa programu ya picha. Kwenye rangi nyekundu peke yake, stempu hufifia na mhuri mweusi hubaki. Kwenye kijani au buluu, vyote viwili huwa vyeusi. Ukilinganisha picha hizo, unajua mstari upi ni wa mhuri na upi ni wa namba.

Halafu fikiri. Namba zilizotumika ni kuanzia 71 hadi 225. Yenye tarakimu mbili lazima ianze na 7, 8 au 9. Yenye tatu ikianza na 2, ya katikati ni 0, 1 au 2 tu. Mabamba 75, 126 na 128 hayakutumika, kwa hiyo ukisoma 126, macho yamekudanganya. Rudi kwenye lenzi.

Dhana: Nimeona 7 mbili, nimeula!

Bamba 77 lilikataliwa, lakini stempu chache mno ziliponyoka zikafika kwa watu. Moja imo British Library, London, na zilizouzwa zimefikia mamia ya maelfu ya pauni. Ndiyo maana kila mwenye lenzi anaitafuta. Karibu kila 77 inayotangazwa ni 177 ambayo 1 yake imefifia au imekwanguliwa makusudi, au ni 71, 72, 73 au 79 iliyozibwa na mhuri. Tazama kama kuna nafasi ya tarakimu ya tatu, na ukague pande zote mbili. Usilipe wala usidai bei ya 77 bila cheti cha wahakiki, kama wale wa Royal Philatelic Society London.

Dhana: Namba kubwa ni adimu, na namba inataja mwaka.

Bamba 225 ni adimu kweli, lakini sababu ni kwamba lilitumika mwishoni kabisa. Nyingi za namba za juu ni za kawaida. Mabamba mengi yalifanya kazi kwa wakati mmoja, kwa hiyo mwaka utafute kwenye mhuri.

Dhana: Kanuni hizi ni za stempu zote za Victoria.

Kila aina ina tabia yake. Kwenye peni mbili za buluu zenye namba, mistari myeupe iliyo juu na chini ya kichwa ni minene katika mabamba 7, 8, 9 na 12, na myembamba katika 13, 14 na 15. Hata namba ikizibwa, umeshapunguza nusu ya kazi. Peni ya zambarau ya 1881 haina namba kabisa kwenye mchoro. Vivyo hivyo zile stempu za Uingereza zilizopigwa chapa ya kampuni ya British East Africa mwaka 1890 na kutumika Mombasa na Lamu: ukiwa nazo, kagua chapa iliyopigwa juu na mhuri wa posta, kwa sababu thamani yake iko hapo.