Poka ya mtandaoni: faida ya mwezi mmoja si ushahidi wa ujuzi

Dhana: “Mwezi mzima nina faida, kwa hiyo mchezo naujua.”

Nimeisikia kwa kijana mmoja wa Mwanga, hapa Kigoma mjini, aliyekuwa anataka kupandisha dau kwenye poka, mchezo wa karata wa kuwekeana fedha. Inaniuma, kwa sababu hapo ndipo fedha ya mtaji wa duka hupotelea.

Ukweli uko kwenye hesabu. Tupime faida kwa dau kubwa la lazima la meza husika, yaani kubwa kati ya madau mawili yanayowekwa kwa lazima kabla ya mchezo kuanza; na mkono ni mzunguko mmoja, tangu karata kugawiwa hadi mshindi kupatikana. Mchezaji mzuri hasa, meza ya watu sita, akipata wastani wa dau 5 kwa kila mikono 100 amefanya vyema. Lakini katika mikono hiyohiyo 100, bahati humyumbisha kwa kiasi cha dau 90 hivi, juu au chini. Akifikisha mikono 10,000 ujuzi wake umemwekea dau 500, na yumbo la bahati limefika 900. Ndiyo maana wachezaji wazuri kama yeye wakiwa 10, karibu 3 watakuwa wamekula hasara bila kukosea. Geuza: wabovu 10 wanaopoteza dau 5 kwa kila mikono 100, karibu 3 watakuwa na faida, nao watajiita mafundi.

Mikono ikiongezeka mara 10, ujuzi hujumlishika mara 10, ila yumbo la bahati hukua mara 3 na kidogo tu. Kwenye mikono 100,000, mzuri wetu anabaki na uwezekano wa hasara wa kama 4 katika 100.

Wavuvi wa dagaa pale Kibirizi hawahitaji kuelezwa hili. Chombo kikirudi kimejaa usiku mmoja, hakuna anayemtangaza nahodha kuwa bingwa. Wanamtazama giza baada ya giza, mbalamwezi zikipita katikati.

Dhana: “Nilishika ree mbili nikapigwa na wafalme wawili. Programu imechezewa.”

Kabla karata za mezani, zile zinazotumiwa na wote, hazijafunuliwa, ree mbili huwashinda wafalme wawili kama mara 82 katika 100. Zile 18 zilizobaki lazima zimwangukie mtu. Anayefungua meza nne kwa pamoja huona mikono mingi kwa saa kuliko wacheza karata wa jamvini kwa siku nzima, kwa hiyo vipigo vya namna hiyo vitamjia vingi. Swali la maana ni hili: fedha zote zilipoingia mezani, nani alikuwa mbele? Kama mlikuwa na 200 mezani nawe una nafasi ya 82, jiandikie 164, ushinde au ushindwe. Hesabu hiyo haiondoi bahati yote, lakini hupunguza kelele nyingi.

Dhana: “Basi ni bahati tupu.”

Hapana. Watafiti Levitt na Miles walichunguza mashindano ya World Series of Poker ya 2010 huko Marekani: wachezaji waliotambuliwa mapema kuwa mahiri walipata faida ya wastani wa zaidi ya asilimia 30 ya viingilio vyao, na wengine walipoteza zaidi ya asilimia 15. Ila kumbuka makato ya mwenye meza. Wakikaa sita wenye uwezo sawa, wote sita wanapoteza taratibu.

Yule kijana wa Mwanga tulikaa naye tukafungua rekodi yake. Mikono 6,000. Faida yote ilitoka kwenye mikono miwili mikubwa, na yote miwili aliweka kila alichokuwa nacho akiwa nyuma, yaani nafasi yake ya kushinda ikiwa ndogo kuliko ya mpinzani.