Wayaudheya: kabila lililotangazwa kuwa limeangamizwa, likaendelea kutoa sarafu

Muda mfupi baada ya mwaka 150 BK, Rudradaman, mtawala wa Wasaka wa magharibi mwa India, alichongesha maandishi kwenye mwamba wa Junagadh, Gujarat. Yanahusu zaidi ukarabati wa bwawa la Sudarshana lililobomolewa na dhoruba, ila humo anajisifu kwamba aliwaangamiza Wayaudheya, watu waliojivunia ushujaa wao wakakataa kutii.

Hawakuangamia. Wayaudheya waliishi Haryana na maeneo jirani ya Punjab na Rajasthan, wakiongozwa na gana, yaani utawala wa pamoja wa kabila badala ya ukoo mmoja wa kifalme. Panini, mwanasarufi wa kale wa Kisanskriti, aliwataja kati ya jamii zilizoishi kwa silaha. Nguvu ya Wakushani, watawala wa milki iliyoenea kaskazini mwa India, ilipofifia katika karne ya 3, walitoa sarafu za shaba zilizoandikwa kwa hati ya Brahmi: "Ushindi kwa gana ya Wayaudheya." Kwa hiyo majigambo ya mshindi yasisomwe peke yake, yapimwe kwa kile walioshindwa walichoacha ardhini.

Upande mmoja wa sarafu hizo amesimama Karttikeya, mungu wa vita, mkuki mkononi na tausi miguuni. Upande wa pili yupo mungu wa kike. Umbo na uzito wa sarafu hizo vinafuata zile za Wakushani, na huenda sababu ni ya kibiashara: wauzaji walikwisha kuzizoea. Maandishi yamezunguka ukingoni, ndiyo maana hufutika kwanza. Anayeisugua sarafu kwa tindikali ili ing'ae huondoa herufi pamoja na kutu, na ushahidi unapotea kabisa.

Sarafu zao za zamani zaidi zilisubiwa. Mwaka 1936 Birbal Sahni, mtaalamu wa mimea ya kale, aliokota maelfu ya vipande vya kalibu za udongo huko Khokrakot, Rohtak. Visahani vyenye alama za sarafu vilipangwa kimoja juu ya kingine, vikazibwa kwa udongo, kisha shaba iliyoyeyushwa ikamiminwa katika tundu la katikati, ikasambaa kwa vijia hadi kila kishimo. Kalibu ilivunjwa ili kutoa sarafu, na ndiyo maana vipande ni vingi mno.

Katikati ya karne ya 4 akaja Samudragupta, mfalme wa nasaba ya Gupta. Nguzo ya Allahabad, yenye maneno ya Harishena, mshairi wa baraza lake, inasema aliwang'oa wafalme 9 wa kaskazini. Wayaudheya hawamo katika orodha hiyo. Wametajwa pamoja na Wamalava, Waarjunayana na makabila mengine yaliyotakiwa kulipa kodi zote, kutii amri na kufika mbele ya mfalme kusujudu. Ardhi na viongozi wao hawakunyang'anywa moja kwa moja. Hata hivyo, sarafu zenye jina la gana zilikoma katika karne hiyohiyo.