Kina cha Patasi: Niliyojifunza kwa Kuchonga Milango Lamu

Vijana wanaokuja kujifunza kwangu huuliza kwanza kuhusu maua: yungiyungi huchorwaje, mnyororo wa ukingoni huanzia wapi. Hayo nawafundisha, wala hayachukui muda. Ukifungua bikari kwa nusu kipenyo kisha ukaitembeza ukingoni, duara hujigawa lenyewe mara 6, na petali zote hutoka hapo. Kilichonichukua umri ni kina. Patasi ishuke kiasi gani, na iachwe wapi.

Ukitaka kuelewa, pita vichochoro vya Mkomani, mtaa wa hapa Lamu, asubuhi. Ni vyembamba, punda aliyebeba mchanga akija itabidi ujibanze ukutani. Kuta za mawe ya matumbawe zimepanda juu, kwa hiyo jua halipigi mlango uso kwa uso. Mwanga huteremka kutoka juu na kupita ubavuni mwa mbao. Kwa mwanga kama huo, nakshi isiyo na kina kirefu, mradi ukingo wake ni mkali, hutoa kivuli cha kutosha. Ukichimba sana, kivuli kinajaa ndani ya ua na ua lenyewe halionekani. Mafundi wa zamani walilijua hilo, na ndiyo sababu milango yao husomeka mpaka leo.

Kizingiti cha juu kina masharti yake zaidi. Anayekitazama yuko chini, amesimama njiani au ameketi barazani, shingo ameiinua. Mimi hulaza patasi kidogo kwenye ukingo wa chini wa kila petali ili jicho liweze kuingia. Mfaa, ule mti wa katikati unaoziba mwanya mbao mbili za mlango zinapokutana, unatazamwa kwa usawa wa macho na kuguswa kila siku. Huo nauchonga kwa mkono mwepesi kabisa, na ncha zote nazipiga msasa.

Mti nao una kauli yake. Mbambakofi ni mgumu na nyuzi zake hupishana: upande mmoja patasi inateleza, ukigeuka inang'oa kibanzi. Kwanza nakata mistari yote kwa patasi iliyosimama wima, ndipo naondoa mbao za katikati kidogo kidogo. Siku hizi mbambakofi mzuri ni adimu na bei yake imepanda, wengi wanatumia mwembe. Mwembe ni laini, haushiki ukingo mkali, na mchwa wanaupenda. Kwa kiti sawa. Kwa mlango wa nje siutaki.

Tangu UNESCO iuingize Mji Mkongwe wa Lamu katika urithi wa dunia mwaka 2001, nimekarabatia watu nyumba nyingi, na kazi haijaniishia, alhamdulillahi. Ila wateja wengi huchagua mlango ukiwa umelazwa mezani chini ya taa, na hapo ule uliochimbwa sana ndio unaong'ara. Basi mafundi wanachimba. Naumia ninapoona kazi hiyo ikisimamishwa kichochoroni, imegeuka giza tupu.

Mji huu ndio wa Muhamadi Kijuma, mshairi na mwandishi wa hati aliyechonga pia milango. Ukiangalia kazi ya mtu aliyeshika kalamu na patasi, unaona jinsi nafasi iliyoachwa wazi inavyofanya kazi sawa na mstari wenyewe. Hilo hulirudia kwa wanafunzi mpaka wanachoka nami.

Kwa hiyo karakanani kwangu kizingiti hakimalizwi mezani. Kikifika nusu tunakipandisha kwenye vigingi juu ya mlango wa kuingilia, mwanafunzi anasimama njiani akitazama, anatia alama ya penseli pale panapopotea, kisha tunakishusha aendelee. Ukiagiza mlango kwa fundi yeyote, mwombe kwanza aje aone mahali mlango utakaposimama, na aje mchana jua likiwa kali.